Mbio za magari zimekua mbio za hesabu: umeme na kompyuta zilivyogeuza mchezo

Hapa Malindi ukitaja mbio za magari watu wanakujia na mambo mawili, Safari Rally na Ferrari. Safari kwa sababu ni yetu, Ferrari kwa sababu mji umekaa na Waitaliano miaka na miaka na ule farasi mweusi tumeuona kwa fulana na kofia tangu utotoni. Sasa ingiza neno umeme uone mazungumzo yanavyoharibika, ati gari lisilo na mlio si gari la mbio, ati sikuhizi ni kompyuta inaendesha na dereva amebebwa tu. Mi naupenda huu mchezo sana na naona hili jambo linaelezwa vibaya kila siku, kwa hivyo acha nilifungue taratibu. Mlio ni jambo dogo. Kilichobadilika ni swali lenyewe la mbio. Zamani swali lilikua nani ana injini yenye nguvu kuliko wenzake, sikuhizi ni nani anajua kuitumia nishati aliyopewa, aitoe wapi, aibane wapi, aivune wapi, na swali hilo huwezi kulijibu bila kompyuta. Ndo maana umeme na kompyuta zimeingia pamoja, huwezi kuzungumzia moja ukaacha nyengine.

Kwanza tuondoe hii dhana ya kwamba umeme ni mgeni kwenye spidi. Gari la kwanza kabisa duniani kupita kilomita 100 kwa saa lilikua la umeme, mwaka 1899 huko Ufaransa, dereva Mbelgiji anaitwa Camille Jenatzy, gari lenyewe La Jamais Contente, lina umbo kama kombora hivi na jamaa amekaa juu kichwa na kifua vyote nje. Petroli ilikuja kushinda baadaye kwa sababu moja kubwa ambayo ntaifikia, lakini haikushinda kwa nguvu ya mota.

Manake mota ya umeme kwa nguvu haina mpinzani. Injini ya petroli lazima izunguke kwanza ndo ipate nguvu, ndo maana ina gia nyingi na clutch na makelele yote yale, lakini mota inatoa msukumo wake wote kuanzia pale pale iliposimama. Gari la Formula E, zile mbio za dunia za magari ya umeme peke yake, hili wanaloliita Gen3 Evo, wenyewe wanatangaza linafika maili 60 kwa saa, yani kama kilomita 96, kwa sekunde 1.82. Gari la Formula 1 halitoki hivyo kwenye mstari.

Na kuna mfano mwengine ambao mi naupenda zaidi. Marekani kuna mlima unaitwa Pikes Peak, wanapanda kwa mbio tangu 1916, barabara ya karibu kilomita 20 yenye kona 156 na kilele kiko mita 4,302 juu ya bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, injini ya petroli inapumua kwa shida na kadri unavyopanda ndo nguvu inazidi kupungua. Mota haipumui. Juni 2018 Volkswagen walipeleka gari la umeme, I.D. R, dereva Romain Dumas, akapanda kwa dakika 7 na sekunde 57.148, wa kwanza katika historia ya mlima ule kushuka chini ya dakika 8. Hiyo si rekodi ya magari ya umeme peke yake, ni rekodi ya mlima mzima, magari yote.

Basi mbona kila mbio hazijawa za umeme? Jibu ni betri, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Kilo moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu haifiki hata nusu ya kilowati-saa moja, ukihesabu betri nzima na kasha lake ni pungufu zaidi. Sawa, mota inatumia zaidi ya asilimia 90 ya kile inachopewa na injini inapoteza sehemu kubwa kwa joto, lakini hata ukitoa hiyo hesabu pengo bado ni kubwa mno. Gari la Formula 1 lilikua linabeba mpaka kilo 110 za mafuta kwa mbio moja na kadri linavyokwenda linazidi kuwa jepesi. Betri ikiisha uzito wake uko pale pale. Na hapo ndo petroli iliposhinda zile zama za kina Jenatzy, ilishinda kwa kubeba safari ndefu ndani ya tangi dogo.

Formula E walipoanza Beijing Septemba 2014 betri yao haikuweza kumaliza mbio, kwa hivyo katikati ya mbio dereva anaingia pit, pale pembeni timu inapohudumia gari, anafungua mikanda, anashuka mbio mbio na kuingia gari la pili lililojaa chaji. Watu walicheka sana. Msimu wa 2018 na 2019 likaja gari la Gen2 lenye betri karibu mara mbili na ule mchezo wa kubadilisha magari ukaisha, miaka minne tu. Mwaka 2025 wakaleta jambo jengine, gari linasimama sekunde 30 linachomekwa chaji ya kilowati 600 na linaondoka na asilimia 10 ya ziada. Sekunde 30! Vijana wetu wa bodaboda za umeme wanajua maana ya kusubiri chaji, kwa hivyo hiyo namba naomba mtu asiipite haraka.

Sasa tuingie kwenye breki maana siri iko hapo. Unakumbuka ile dinamo ya baiskeli, unaibandika kwa tairi taa inawaka lakini pedali inakua nzito ghafla? Ule uzito ndo umeme wenyewe unatengenezwa, nguvu ya miguu yako inageuzwa taa. Gari la mbio la umeme linafanya hivyo hivyo kwa kiwango cha kutisha, dereva akikanyaga breki mota inageuka jenereta, ile spidi ya gari inarudishwa kwenye betri badala ya kuwa joto linalopotea. Gari la Gen3 linaweza kuvuna mpaka kilowati 600 kwa breki na karibu asilimia 40 ya nishati linayotumia kwenye mbio inatoka hapo hapo njiani. Walivyoiamini hii kitu wakaliunda gari bila breki za kawaida za mafuta kwa tairi za nyuma, mota ndo breki.

Na hii inaeleza mambo mengi ambayo yanaonekana ya ajabu. Kwa nini Formula E wanapenda barabara za mjini zenye kona nyingi? Kila kona ni mahali pa kuvuna, barabara ndefu iliyonyooka ni mahali pa kupoteza. Kwa nini dereva anayeongoza wakati mwengine anaachia kwa makusudi apitwe? Wa mbele ndo anayepasua upepo na anakula betri, wa nyuma yake anakaa kwenye kivuli cha upepo na anabakisha. Mtu asiyejua anaona uvivu, kumbe pale ndo vita.

Aprili 2021 huko Valencia, Uhispania, ilionekana wazi. Gari la usalama, lile linalowaongoza wote pole pole kukiwa na hatari njiani, lilitoka mara kadhaa, na kila likitoka sheria inawapunguzia madereva nishati wanayoruhusiwa kutumia manake wamekwenda pole pole. Mwisho mwisho António Félix da Costa anaongoza, akavuka mstari saa ikiwa imebakisha sekunde chache tu, na kwa vile mbio hizi zinapimwa kwa muda, hapo ukaongezeka mzunguko mmoja mzima wa kukimbia. Karibu kila mtu alikua hana tena cha kukimbilia. Magari yakawa yanatambaa, mengine yakasimama, kadhaa yakafutwa kwa kuzidisha matumizi, na Nyck de Vries ambaye timu yake ilikua imebakisha akaja akachukua ushindi. Wengi walisema ni aibu ya mchezo. Mi nasema zile zilikua mbio za haki kabisa, sheria ilikua moja kwa wote na kuna waliohesabu na kuna wasiohesabu, ingawa nakubali kwa mtazamaji aliyelipa tiketi ilikua ngumu kumeza.

Sitaki mtu afikiri umeme unashinda kila mahali. Kwa pikipiki imekua taabu. MotoE, mashindano ya pikipiki za umeme, ilipokua inajiandaa kuanza 2019 moto ulizuka Jerez, Uhispania, kwenye hema la pikipiki wakapoteza pikipiki zote kabla ya mbio hata moja, wakajipanga upya wakaanza Julai. Baadaye Ducati wakaleta mashine nzuri sana, lakini ilikua na kilo 225 wakati pikipiki ya MotoGP, zile za petroli za daraja la juu, inaanzia kilo 157, na mbio zenyewe za mizunguko michache tu. Baada ya msimu wa 2025 mashindano yakasimamishwa. Pikipiki haina pa kuficha uzito, gari linaweza kulaza betri sakafuni lakini pikipiki lazima iinamishwe kwenye kona na kilo zote zile.

Na Safari yetu pia iko kwenye hii hadithi. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu ya rali, Rally1, yalifungwa mfumo wa haibridi, mota ya kilowati 100 pembeni ya injini, na mwaka ule ule Toyota wakaja Naivasha wakachukua nafasi nne za juu, Kalle Rovanperä mbele. Kwa hivyo lile gari mliloliona likimeza ule mchanga laini kama unga wa Kedong na Sleeping Warrior lilikua gari la umeme nusu, na wengi waliosimama pale hawakujua. Lilikua na taa maalum ya kuonyesha kama umeme mkubwa uko salama, ikiwaka nyekundu hata kama gari limepinduka hupaswi kuligusa, na kwa mashabiki wetu waliozoea kukimbilia kuliinua gari hilo lilikua somo jipya kabisa. Halafu kabla ya msimu wa 2025 FIA, shirikisho la dunia linalosimamia mbio za magari, wakautoa huo mfumo, gharama ilikua kubwa na ule uzito wa zaidi ya kilo 80 ukaondoka. Mimi niliumia kidogo kusema kweli, kwa sababu ukiangalia ramani Hell's Gate inapopita rali ni jirani na visima vya Olkaria, mvuke wa ardhini unaolisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii. Hapa karibu na sisi Langobaya kuna mitambo ya jua ya megawati 40 imeingia kwenye gridi. Kuna nchi nyingi zinategemea umeme wa makaa ya mawe, sisi tuna umeme safi na tuna rali. Lakini rali ni mchezo wa vumbi na mito na fundi mwenye spana chini ya mti, na ule mfumo ulikuja umefungwa kama sanduku, ukiharibika timu haiwezi kuufungua. Kwa hilo uamuzi naufahamu.

Tuje kwa kompyuta sasa, na hapa Malindi ina haki ya kuzungumza kuliko miji mingi. Pale Ngomeni Waitaliano walijenga kituo chao cha San Marco miaka ya sitini, Desemba 12 1970 ikarushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, na mpaka leo pale nchi kavu kuna antena zinazofuatilia vyombo vya angani. Kazi ya zile antena ni kupokea telemetria, yani chombo kiko mbali hukioni lakini kinakutumia habari zake bila kukoma, joto lake, umeme wake, afya yake. Formula 1 ni kazi hiyo hiyo. Gari linafungwa sensa karibu 300, zinapima joto la tairi, shinikizo la mafuta, mtikisiko wa springi, kila kitu, na habari zote zinaruka kwenda pit na kutoka pale mpaka kiwandani, Maranello kwa Ferrari, Brackley kwa Mercedes, ambako watu wamekaa mbele ya skrini nchi nyengine kabisa wanajua breki ya gari inapata moto kabla dereva hajahisi chochote.

Wanaosema kompyuta ndo inaendesha hawajui jambo moja, kwamba ilishafika wakati ikakaribia kweli kuendesha na sheria ikaizuia. Mwaka 1992 Williams walikua na gari, FW14B, springi zake zinaongozwa na kompyuta, gari linakaa sawa sawa na ardhi kwenye kila kona, Nigel Mansell akashinda mbio 9 kati ya 16. Lilikua zuri kupita kiasi na kuanzia 1994 misaada ya aina hiyo ikapigwa marufuku. Na mwaka huo huo 1994 ndo ikaja kesi ya Benetton, timu iliyokua chini ya Flavio Briatore, ambaye watu wa Malindi hawahitaji kuelezwa ni nani maana alifungua hoteli hapa. Wachunguzi wa FIA walikuta ndani ya kompyuta ya gari programu ya kuondokea, ile inayozuia tairi zisiteleze mbio zinapoanza, na ilikua imekatazwa. Hawakupata ushahidi kwamba ilitumika kwenye mbio, timu ikasema ni mabaki ya majaribio, na kwa hilo haikuadhibiwa. Michael Schumacher akawa bingwa mwaka ule na ubishi haujaisha mpaka leo. Lakini angalia jambo lililotokea pale: kwa miaka yote mkaguzi alikua anapima chuma, urefu, upana, uzito, tangu kesi ile ikaonekana udanganyifu unaweza kuwa maandishi tu ndani ya chipu na hakuna rula ya kuupima.

Walihangaika nao miaka mingi, mara wakaruhusu mara wakakataza. Mwaka 2003 wakakataza pit kutuma amri kwenye gari, habari zinatoka kwa gari tu na hazirudi, injinia anayetaka kubadilisha kitu lazima amuombe dereva kwa redio ageuze kitufe mwenyewe. Ndo maana usukani umejaa vitufe vile na unasikia injinia anamuita dereva amwambie badilisha hiki weka kile. Mwaka 2008 wakalazimisha timu zote kutumia kompyuta moja ya injini iliyotengenezwa na McLaren, na ule msaada wa kuzuia tairi zisiteleze ukaondoka. Kwa hivyo dereva wa leo wa F1 ana msaada mchache wa kuendesha kuliko hata gari la kifahari linalopita barabara ya Mombasa. Kinachofanywa na kompyuta ni kufikiri kabla na baada, kukanyaga ni kwa mguu wa binadamu.

Kufikiri kabla nako kuna mipaka yake. Mwaka 2010 timu mpya ya Virgin iliamua kuchora gari lote ndani ya kompyuta bila kugusa handaki la upepo, pale gari linapopulizwa upepo kupima unavyolipita, hata mara moja, ilikua bei nafuu na wazo la kishujaa. Gari likaja na tangi la mafuta dogo lisilotosha kumaliza baadhi ya mbio, ikabidi waombe ruhusa walibadilishe. Kosa la tangi halikua la upepo lakini liliwafunza wengi kwamba mchoro hauwi gari mpaka uguse lami. Leo FIA wanazipimia timu muda wa handaki na muda wa hesabu za kompyuta, bingwa anapewa kidogo kuliko wote na wa mwisho anapewa zaidi, na mi naona ni moja ya sheria za busara zaidi kwenye michezo yote.

Je kompyuta ikiachiwa usukani kabisa? Imejaribiwa. Aprili 2024 Abu Dhabi walipeleka magari yasiyo na dereva Yas Marina, uwanja halisi wa Formula 1. Kulikua na magari yaliyoteleza yakageuka na mengine yakasimama tu katikati ya njia, na fainali ya magari manne ikachukuliwa na wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Wanaocheka wakumbuke Formula E ya kubadilisha magari 2014. Lakini jambo gumu kwa ile mashine halikua spidi, lilikua wenzake, kujua yule wa mbele atafanya nini sekunde ijayo, na hiyo ndo kazi dereva anaifanya kwa jicho tu.

Sasa umeme na kompyuta vinakutana wapi? Kwenye Formula 1 yenyewe. Walianza 2009 na KERS, mfumo wa kuvuna nishati ya breki wenye mota ndogo ya kilowati 60 iliyotumika kwa sekunde sita na ushei kila mzunguko, Lewis Hamilton akawa wa kwanza kushinda nayo, Hungary. Mwaka 2014 zikaja injini ndogo za lita 1.6 zenye turbo na mota ya kilowati 120, na sheria moja nzito, mafuta yasizidi kilo 100 kwa saa. Hiyo sheria ndo iliyobadilisha kila kitu, kwa sababu kama wote mnapewa mafuta sawa basi mwenye nguvu ni yule anayepoteza kidogo. Mercedes walielewa hilo kabla ya wote, wakachukua ubingwa wa timu mara 8 mfululizo, na 2017 wakasema injini yao imepita asilimia 50 ya ufanisi kwenye maabara, kitu ambacho injini ya petroli ya barabarani wakati ule ilikua haijakifikia.

Sheria za 2026 zimekwenda mbali zaidi. Mota imepanda kutoka kilowati 120 mpaka 350, injini yenyewe imeshuka mpaka kama 400, karibu nusu kwa nusu, na mafuta lazima yawe ya kutengenezwa bila kuchimba petroli mpya. Betri imebaki ndogo, kwa hivyo ile 350 huwezi kuitumia mzunguko mzima, itakwisha. Kuanzia kilomita 290 kwa saa nguvu ya mota ya gari la mbele inaanza kupunguzwa kidogo kidogo kwa sheria, na anayefukuza kwa karibu anaruhusiwa kubaki na nguvu kamili mpaka kama 337. Kwa hivyo ukitizama mbio angalia mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka, usiangalie mwanzo. Ukisikia gari linapunguza mlio kabla ya kona wakati breki haijakanyagwa, dereva hajakosea na gari halijaharibika, ameachia mapema ili avune. Halafu angalia ni nani aliyemuacha avune na akabakisha chake kwa kona inayofuata.